Barua ya wazi: Nani ameikagua bunduki kabla kamera haijawashwa?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa,
Katibu Mtendaji wa Bodi ya Filamu Tanzania,
na Mkuu wa Jeshi la Polisi Tanzania.
Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Dodoma.

YAH: SILAHA ZINAZOTUMIKA KUIGIZIA FILAMU

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi seremala hapa Dodoma. Kwa miaka kadhaa sasa, mbali na vitanda na madawati, ndiye ninayewatengenezea bunduki na bastola za kuigizia vijana wanaopiga filamu fupi na tamthilia ndogondogo kwa kamera za kuazima. Sina kampuni wala ofisi. Nina benchi, randa, na kabati moja lenye kufuli. Nimeandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe linagusa ofisi zaidi ya moja, na barua ya namna hiyo ikipelekwa kimyakimya hulala katikati ya njia, kila ofisi ikiamini kwamba imeshughulikiwa na jirani yake.

Ombi langu naliweka mbele. Bunduki inayoweza kufyatua risasi isiruhusiwe kuingia mahali panapopigwa filamu, isipokuwa pale ambapo mtu mwenye leseni na ujuzi, anayejulikana kwa jina na Polisi, amekubali kuwajibika nayo tangu inatoka kabatini hadi inarudi. Na ile ya mbao au ya plastiki, ambayo ndiyo yetu sisi wengi, iandikwe katika kibali na itangazwe mtaani kabla hatujaitoa kwenye mfuko.

Kilichonisukuma kuandika ni risasi moja tu, ambayo niliiokota kwa vidole vyangu.

Tulikuwa nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Singida, penye mibuyu na nyumba ambayo haijaezekwa. Tulikuwa tunapiga tukio la mfanyabiashara anayevamiwa usiku, ingawa ilikuwa saa tisa alasiri, kwa kuwa giza lingetiwa baadaye kwenye kompyuta. Bastola niliyokuja nayo ilikuwa ya mninga, nimeipaka rangi nyeusi na kuisugua kwa unga wa penseli mpaka ikawa na ule mng'ao wa chuma kilichoshikwashikwa. Mwongozaji akaiona nyepesi. Mfadhili wetu, mtu mkarimu aliyekuwa ametulipia nauli na chakula, anamiliki bastola kwa leseni. Akasema ya nini kuhangaika na mti, akaichomoa kiunoni, akatoa magazini, yaani kile kikasha cha risasi, na kuitia mfukoni, kisha akamkabidhi mwigizaji. "Shika hiyo, dogo. Haina kitu."

Palikuwapo mzee mmoja, askari mstaafu, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuangalia jenereta. Alinyanyuka kwenye ndoo aliyoikalia, akaomba aione ile bastola, akaielekeza chini na kuvuta sehemu yake ya juu kwa nyuma, kama mtu anayekoki. Risasi moja ikaruka, ikaangukia kwenye vumbi karibu na kandambili zangu. Nilipoiokota niliiona ndogo kuliko nilivyodhania, nzito kwa kimo chake, na ingali na uvuguvugu wa kiuno cha mwenyewe. Mfadhili alirudia mara tatu, "Lakini magazini nimetoa." Na kweli alikuwa ameitoa. Ila kutoa magazini hakuiondoi risasi ambayo imekwisha kupanda mtutuni. Hilo mzee alilijua, mwenye leseni alilisahau, na sisi wengine hatukuwahi hata kulisikia. Katika tukio lile mwigizaji alitakiwa amwekee mwenzake mtutu kwenye paji la uso na kubonyeza.

Kazi iliishia pale. Mtu yule simtaji, wala sitaki atafutwe, kwa sababu hakuwa na nia mbaya hata chembe, na ubaya wa jambo hili unatokana na hapohapo: halihitaji mtu mbaya. Linahitaji mtu mwema aliyesema "haina kitu" na mwingine aliyemwamini bila kutazama.

Waliotutangulia katika kazi hii, wenye fedha na wataalamu wa kila aina, yaliwakuta kwa mlango huohuo. Tarehe 21 Oktoba 2021, katika ranchi moja karibu na Santa Fe, jimbo la New Mexico nchini Marekani, mwigizaji Alec Baldwin alikuwa akifanya mazoezi ya tukio la filamu ya Rust, ameshika bastola ya mtindo wa kizamani. Kwa maelezo ya wapelelezi, msaidizi wa mwongozaji alikuwa ametangaza kwamba bastola hiyo ni "baridi", yaani haina kitu cha kulipuka ndani yake. Ndani yake mlikuwa na risasi halisi. Ilimuua mpigapicha mkuu, Halyna Hutchins, mwenye umri wa miaka 42, na kumjeruhi mwongozaji Joel Souza. Mtunza silaha wa filamu ile alikuwa na miaka 24 wakati ule. Mwaka 2024 alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Kesi ya Baldwin ilifutwa Julai mwaka huohuo. Lakini swali ambalo sisi mafundi wa vifaa tuliendelea kuulizana halikuwa la nani afungwe, bali risasi halisi ilifikaje mahali ambapo haikuwa na shughuli yoyote.

Kuna kisa kingine ambacho ningependa kila kijana anayeniagiza bastola akisikie, kwa sababu ndani yake hapakuwa na mtu aliyetia risasi nzima kwenye bastola. Mwanzoni mwa mwaka 1993, huko Wilmington, North Carolina, watengenezaji wa filamu ya The Crow walihitaji kuonyesha bastola kwa karibu, kichwa cha risasi kikionekana. Risasi za aina hiyo hutakiwa ziwe hazina baruti wala fataki. Ni sura tu. Za kwao zilitengenezwa kwa haraka kutokana na risasi za kawaida: baruti ilimwagwa, kichwa kikarudishwa, lakini fataki, yaani kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, ikabaki. Mtu akabonyeza, fataki ikalipuka kwa nguvu ndogo, kichwa cha risasi kikasukumwa hadi mtutuni na kukwama humo. Hapana aliyetazama. Baadaye bastola ileile ikatiwa risasi baridi, yenye baruti lakini isiyo na kichwa (si "baridi" ile ya Rust yenye maana ya bastola tupu), kwa ajili ya kupata mlio na mwali. Tarehe 31 Machi mwigizaji mmoja alipofyatua, baruti ile ilikisukuma kichwa kilichokwama, kikampata mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, Brandon Lee, tumboni. Alikuwa na umri wa miaka 28. Vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake kingeweza kuitwa salama vilikutana ndani ya mtutu mmoja, vikaunda risasi kamili.

Na wapo wanaosema risasi baridi ni kelele tu. Oktoba 1984, mwigizaji Jon-Erik Hexum, kijana wa miaka 26, alichoka kusubiri kati ya tukio na tukio la tamthilia ya televisheni, akajiwekea bastola kwenye upande wa kichwa na kubonyeza kwa mzaha. Ilikuwa na risasi baridi. Nguvu ya mlipuko ilivunja mfupa wa fuvu na kuupeleka ndani ya ubongo. Alifariki siku chache baadaye. Ndiyo maana mwigizaji anayejua kazi haelekezi mtutu wenye risasi baridi kwa mwenzake, bali pembeni yake kidogo, na kamera ikawekwa mahali ambapo mtazamaji hataona tofauti. Studio na vyama vya wafanyakazi wa filamu wa Hollywood wana nyaraka nyingi za usalama, na ile namba 1 kabisa inahusu bunduki na risasi baridi, kabla ya moto, kabla ya magari, kabla ya helikopta.

Sisi hapa mara chache tutapata risasi baridi, na nashukuru. Hatari yetu ina sura mbili: moja ni hiyo bastola ya mfadhili au gobole la mjomba linaloazimwa kwa sababu "linaonekana vizuri zaidi", na nyingine ni ya kwetu hasa, ambayo vitabu vya Hollywood havitatufundisha.

Miaka michache iliyopita tulikwenda kupiga filamu katika kijiji kimoja kando ya reli, magharibi ya mji. Ilikuwa kiangazi, korongo limekauka, na wanawake walikuwa wakichota maji kwenye visima vya kuchimba mchangani, kama ilivyo desturi huku kwetu. Vijana wetu watatu walitakiwa kutokea upande wa pili wa korongo wakikimbia, wamefunga vitambaa usoni, kila mmoja na SMG yake ya mbao. Kamera ilikuwa mbali, imefichwa nyuma ya mbuyu ili tupate uwanja mpana. Mama mmoja aliinua kichwa kutoka kisimani akawaona. Akaiacha ndoo, akapiga yowe. Yowe lile likapokewa na boma la kwanza, la pili, la tatu, na kabla mwongozaji hajasema "kata" walikuwa wamefika watu kama thelathini na fimbo, marungu na mapanga, na mmoja wao na gobole begani. Ndiyo bunduki pekee ya kweli iliyokuwapo siku ile, Waheshimiwa, na ilikuwa imeelekezwa kwetu.

Kelele za "tunaigiza, tunaigiza" hazikusaidia kitu. Nadhani hata jambazi angesema hivyo. Nilichukua SMG moja, kazi yangu ya wiki mbili, nikaivunja juu ya goti mbele yao, weupe wa mti ukaonekana. Hapo ndipo wa mbele aliposhusha panga. Yule mama, alipokwisha kupata pumzi, aliniambia, "Mwanangu, si mngepita nyumbani mkatuambia? Tungekuja kuwaangalia." Hakuwa na hasira. Alikuwa ananieleza utaratibu, na mpaka leo sijasikia utaratibu ulioelezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Kwa uso wa askari wa doria anayepita usiku, au wa mlinzi wa benki, bastola yangu ya mninga na ile ya mfadhili ni kitu kimoja, na akisubiri kuthibitisha anaweza kuwa amechelewa. Tena huu ndio mji wa Serikali. Misafara ya viongozi inapita, wizara ziko Mtumba, Bunge linakaa. Kijana anayekatiza mtaani na bunduki ya mti begani kwa sababu bodaboda imemshusha mbali na lokesheni anaweka uhai wake mikononi mwa mtu aliyeshtuka.

Sheria hatuna upungufu wake. Tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ya kwanza inasoma muswada wa filamu na kutazama picha. Ya pili inahesabu bunduki na wenye leseni. Zinakutana mahali pamoja tu, kwenye kiganja cha mwigizaji, na hapo ndipo mimi husimama nikiwa na kitambaa cha kufutia rangi, nikitamani kungekuwa na mtu mwingine mwenye mamlaka kuliko yangu. Yawezekana mtaniambia kwamba utaratibu upo. Utaratibu uliopo kabatini lakini haujafika kwenye korongo la mchanga ni kama mvua ya mlima wa pili: tunaiona wingu lake, hatulimi kwayo.

Wengine wamekwisha kuliona hili. Afrika Kusini, katika Sheria yao ya Udhibiti wa Silaha Na. 60 ya mwaka 2000, anayetoa silaha kwa ajili ya filamu, televisheni au jukwaa ni aina ya mfanyabiashara anayetajwa na kupewa leseni ya kazi hiyo, kwa hiyo mfadhili mwenye bastola kiunoni hawezi kujigeuza mtunza silaha kwa mchana mmoja. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, ilizuia uuzaji wa bunduki bandia zinazofanana mno na za kweli, lakini ikaacha mlango kwa filamu na michezo ya jukwaani. Sisemi tunakili. Nasema wote wawili walitambua kwamba bunduki ya filamu ni kitu cha aina yake, si mdoli na si silaha ya ulinzi, na wakaiandika hivyo.

Kwetu ningeridhika na mambo mepesi. Anayeomba kibali cha kupiga filamu na aandike katika ukurasa mmoja kama kutakuwa na bunduki, ngapi, za kitu gani, nani anazitunza, zitalala wapi. Ukurasa huo ukigongwa muhuri, nakala yake iende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, naye mtendaji amwambie mwenyekiti, na mwenyekiti apitishe neno kwa watu wa korongoni. Pakiwa na bunduki ya kweli ya aina yoyote, hata ile inayosemwa imeharibika, mtunzaji aliyeandikwa awepo, aifungue mbele ya mwigizaji na mbele ya mwongozaji, wote watatu watazame mtutu na chemba, yaani pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, kwa macho yao, na risasi halisi isikaribie eneo lile hata ikiwa mfukoni mwa mlinzi wa jenereta. Asiyekuwapo wakati wa kutazama asipewe kushika. Kazi yote hiyo haizidi dakika tatu. Tunapoteza nyingi zaidi tukisubiri wingu lipite juani.

Hapa naomba radhi niseme jambo la pembeni. Tafadhali msiligeuze kuwa tozo. Vijana ninaowatengenezea wanachangishana elfu mbilimbili kununua mafuta ya jenereta, na mkiweka ada kwenye ule ukurasa hawataacha kupiga filamu za majambazi. Wataacha kuja ofisini. Watapiga alfajiri, porini, bila kumwambia mtu, na tutarudi palepale kwenye yowe. Ukurasa ule uwe bure, na ujazwe hata kwa simu.

Mtaulizwa pia, na watu wenye majina makubwa katika Bongo Muvi, kama filamu ya mapigano inaweza kupendeza bila bunduki ya kweli. Inaweza. Baada ya msiba wa New Mexico, baadhi ya watengenezaji wa Marekani walitangaza kwamba watatumia bunduki za mpira peke yake, na mwali na moshi vitiwe na kompyuta. Hilo hata hapa tunalifanya: yupo kijana Chang'ombe, chumba kimoja, kompyuta mpakato yenye kioo kilichopasuka pembeni, anayetia mwali, moshi na ganda linaloruka kwa muda wa mchana mmoja, na mlio anauchukua kwenye maktaba yake ya sauti. Tatizo lililobaki ni uzito. SMG halisi ina kilo tatu hadi nne, na mwigizaji aliyeshika ya mti huibeba kama ufagio. Mtazamaji hajui kwa nini haamini, ila haamini. Dawa yake ni kutoboa tako la bunduki na kuzamisha vipande vya nondo, kuziba kwa gundi na unga wa mbao, kisha kumpa mwigizaji atembee nayo siku nzima mpaka bega limuume. Bega likiuma, uso unaigiza wenyewe. Mtutu naufanya kwa bomba la plastiki lililozibwa kwa ndani kwa kipande cha mti, kiasi cha inchi moja kutoka mdomoni, ili hata mtu akitaka kuingiza kitu asiweze. Kitakoni napaka doa la rangi ya chungwa mahali ambapo kiganja cha mwigizaji hulifunika. Kamera hailioni, lakini mtu akiiacha bunduki mezani, askari ataliona.

Doa hilo nimelibuni mwenyewe kwa hofu, halina nguvu ya sheria, na fundi wa mtaa wa pili halijui. Lingekuwa na maana kama Bodi ya Filamu na Jeshi la Polisi mngekaa pamoja siku moja mkachagua alama moja kwa nchi nzima, ya rangi yoyote mtakayoona inafaa, na kuifundisha kwa askari wa doria kama mnavyowafundisha kusoma namba za gari. Vilevile wanafunzi wa sanaa katika vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwa hapa hapa kilimani, wangefaidika kama askari mmoja mwenye ujuzi wa silaha angewapa mafunzo ya nusu siku: bastola inafunguliwaje, chemba iko wapi, risasi baridi inaua kwa umbali gani. Mzee wetu wa jenereta aliyajua hayo kwa sababu alilipwa na nchi kuyajua. Vijana wale wanayaigiza bila kufundishwa.

Kabati langu lina bunduki kumi na nne za mti, bastola tisa, na daftari la shule ninamoandika nani amechukua nini na amerudisha lini. Mkimtuma afisa, wa Bodi au wa Polisi, aje siku yoyote ya Jumamosi. Nitamfungulia, azishike, azipime uzito, anionyeshe nilipokosea. Daftari nalo alitazame, maana linaweza kuwa mwanzo wa ule ukurasa ninaouomba. Kuna mstari mmoja humo nilioupigia duara kwa kalamu nyekundu, wa alasiri ile ya barabara ya Singida. Umeandikwa: "Bastola ya mninga, imetoka saa nane, haikutumika."

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa vifaa vya kuigizia,
Dodoma.